Nani Atulie?

Picha ya filamu ikitoka na ukungu, washukiwa huwa watatu. Wa kwanza ni mkono wako, ulitikisika. Wa pili ni uliyempiga picha, alisogea. Wa tatu ni fokasi, uliiweka pasipofaa, ukapata ukuta wa nyuma umetoka safi hadi nyufa zinahesabika, na mtu wa mbele amefifia kama ndoto ya juzi. Wapo washukiwa wadogo wadogo, vumbi kwenye lenzi, skana iliyochoka, lakini kesi nyingi huishia kwa hao watatu.

Dawa zao zinajulikana na nitazitaja, maana rola ya filamu siku hizi si bei ya mandazi. Lakini nimekuja kuamini kwamba ndani ya kila dawa kuna swali la maadili, na swali lenyewe ni moja: kati ya aliyeshika kamera na anayetazamwa, nani anapaswa kutulia? Unaweza kudhani ni swali dogo la mafundi. Hebu tulifuate tuone linakoelekea.

Tuanze na uzito wake. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi ya mzee wa kijijini, unaijua ile saa ya kutafuta picha. Jeneza limeagizwa, tenti imelipiwa, mtu wa spika amepatikana, kisha anayeandaa kile kijitabu cha ibada anauliza: picha ya kuweka mbele iko wapi? Hapo ndipo familia yenye watoto saba na wajukuu thelathini inagundua kwamba mzee ana picha mbili tu. Moja ni ya kitambulisho. Nyingine ni ya harusi ya mtu mwingine, mwaka wa tisini na kitu, amesimama mstari wa tatu, nusu ya shavu imezibwa na kofia ya shangazi fulani, na aliyepiga alikuwa na haraka. Jamaa wa saiba anaikata ile sura, anaivuta, anaivuta tena, hadi macho yanakuwa madoa mawili. Ndiyo inayochapishwa. Ndiyo inayotundikwa ukutani. Wajukuu watakaozaliwa baadaye watajua kwamba babu yao alikuwa ukungu uliovaa koti.

Mtu ameishi miaka themanini, akabakiziwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, na hata hiyo imeharibika. Kwa hivyo ukungu kwenye picha si jambo la mafundi pekee. Kwa baadhi ya watu, ndio uso wao wa mwisho.

Naandika nikiifikiria Kwa Vonza, soko lililo kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Hapo ndipo penye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU kwa kifupi, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Hosteli zimeota, boda zimejaa, vibanda vya kuchapisha kazi za darasa viko kila kona. Na hapo wanakutana watu wa nyakati mbili. Kuna mwanafunzi aliyepigwa picha elfu kumi kabla hajafika mwaka wa pili. Na kuna susu anayeuza ndengu kwa kikombe, ambaye picha zake zote zinaingia kwenye bahasha moja na bahasha bado inafunga vizuri. Siku hizi mwanafunzi huyo anaweza kuwa na kamera ya zamani shingoni, Yashica au Pentax iliyomzidi umri, kwa sababu filamu imerudi kuwa fasheni kwa vijana wa mjini. Ana fremu 36. Susu ana uso mmoja. Sasa ni nani atulie?

Mshukiwa wa kwanza ni mkono. Kanuni ya wapiga picha wa zamani ni rahisi: kasi ya shata isiwe ndogo kuliko moja chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ni ya milimita 50? Usishuke chini ya 1/60. Ni ya 135? Panda hadi 1/250 uwe salama. Ukishuka chini ya hapo, mwili wako unaanza kujiandika kwenye picha: pigo la moyo, pumzi, ile chai ya tatu uliyokunywa. Dawa ni hii. Bana viwiko mbavuni. Iache kamera iguse paji la uso. Egemea mwembe, ukuta, nguzo ya stima, chochote kisichoondoka. Toa pumzi nusu, kisha finya kitufe taratibu, kama unayebonyeza embe kuona kama limeiva. Usikidunge.

Mchana wa Kitui unakusaidia sana. Ukiwa na filamu ya ISO 200, jua la saa saba linakuruhusu tundu la f/16 na kasi ya 1/250, na kwa kasi hiyo hata mkono wenye homa unasamehewa. Shida inaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Huku karibu na ikweta jua halina mazoea ya kuaga. Linazama na ndani ya nusu saa kumekuwa giza. Au shida inaanza ukiingia jikoni kwa mtu, nyumba ya dirisha moja na moshi, ambako mita ya mwanga inakuomba 1/15. Huko ndiko mkono unakojulikana. Na tatizo ni kwamba maisha ya watu yako huko, jikoni na jioni. Adhuhuri barabarani ndipo palipo rahisi, ndiyo maana picha nyingi za vijijini zinazopigwa na wageni ni za adhuhuri barabarani.

Fanya hesabu ndogo. Fremu 36, kila moja kwa 1/60 ya sekunde, jumla yake ni sekunde 0.6. Rola nzima, ile uliyonunua kwa pesa ya chakula cha siku kadhaa, ile uliyosafiri nayo wikendi nzima, inahifadhi zaidi kidogo ya nusu sekunde ya ulimwengu. Mtu akikupa sekunde yake moja ya sitini, angalau usiitikise.

Lakini kwa nini mkono hutikisika? Kahawa na uchovu ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa, ukijichunguza, ni haraka, na haraka yenyewe mara nyingi huzaliwa na aibu. Tunapiga picha kwa kuiba. Tunainua kamera tukiwa ndani ya matatu inayotembea, au tunaishika kiunoni tukijifanya tunatazama kwingine, tunabonyeza kabla mama wa mboga hajageuka. Picha ya kuiba hutikisika kwa sababu mwizi yeyote hutetemeka. Ukimwamkia kwanza, ukanunua nyanya za mia, ukasema "mama, naomba nikupige picha," akakubali, utashangaa jinsi viwiko vyako vinavyotulia vyenyewe. Ruhusa ni stendi isiyouzwa dukani.

Na si adabu tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mnamo 2023 ofisi ya kamishna wa data ilizitoza faini ya mamilioni ya shilingi shule moja na klabu moja zilizochapisha picha za watu bila idhini. Sheria imefika mahali ambapo bibi zetu walikuwa tayari: uso wa mtu ni mali yake.

Kwa hiyo kuhusu mshukiwa wa kwanza hukumu si ngumu. Ukungu unaotoka kwenye mkono wangu ni deni langu. Sina wa kumsingizia.

Mshukiwa wa pili ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Yeye ni yule mtu wa mbele ya kamera, na kosa lake ni kwamba alikuwa hai.

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara ilikuwa na shughuli zake za kila siku. Lakini teknolojia ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na katika dakika hizo kila kilichotembea kilifutika: magari ya farasi, wachuuzi, watoto. Picha inaonyesha barabara tupu, kama jiji lililohamwa. Isipokuwa kona moja ya chini, ambako mtu mmoja amesimama na mguu ameuinua, anang'arishwa viatu. Alitulia, akabaki. Huenda ndiye binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha, pamoja na kivuli cha yule anayemng'arishia. Nikiitazama picha hiyo siachi kufikiria: waliokuwa wakikimbilia kazi walifutwa, aliyekuwa akihudumiwa akaingia kwenye historia. Na mwenye brashi, ambaye mikono yake haikuwa na ruhusa ya kusimama, amebaki nusu mtu nusu wingu.

Katika miongo iliyofuata mafundi wa studio walitafuta dawa, na dawa yao ikawa kumkaza mteja. Kulikuwa na vyuma vya kushikilia kichwa kwa nyuma, visionekane, ili mtu asitikisike. Baadaye filamu ikawa na kasi na chuma kikaondoka, lakini amri ikabaki. Simama hapo. Mikono chini. Kidevu juu. Usicheke. Kila Mkenya mwenye kitambulisho anaijua sauti hiyo, na anaujua uso unaotoka: uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kosa lake.

Nisipotoshe historia, kutulia hakukuwa utumwa kila mahali. Kuna watu waliosimama wima mbele ya kamera kwa hiari na kwa fahari. Tazama picha za zamani za studio za pwani, kama zile za Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, au wapiga picha wa Likoni wa miaka ya tisini, ambao wateja wao walijichagulia pazia la nyuma, ndege au meli, kisha wakajiweka. Kitenzi hicho ni kizuri: kujiweka. Mtu amevaa nguo yake bora, amelipa pesa yake, anajua picha itakwenda kwa nani. Kutulia kwake ni kauli. Susu wengi wa Ukambani ukiwaomba picha watakwambia ngoja, wataingia ndani, watatoka na leso mpya, watasimama kama mlingoti. Usimharakishe atabasamu ati ndio picha iwe "ya asili." Ameamua anavyotaka kukumbukwa. Wewe ni nani?

Tofauti basi ni ya nani ameamua. Chuma cha nyuma ya shingo na leso mpya vyote vinazaa picha isiyo na ukungu, lakini moja ni ya kukazwa na nyingine ni ya kujiweka.

Lakini yule asiyetaka kujiweka, anayeendelea na kazi zake, tutafanyaje? Chukua mama anayesuka kiondo. Ukambani utawaona wanawake wakisuka huku wanatembea, huku wanapiga gumzo, huku wanangojea gari. Mikono inafanya kazi bila kuulizwa. Kwenye gurudumu la kasi la kamera una njia mbili. Weka 1/500, mikono itaganda, kila uzi utahesabika, na utapata picha ya mwanamke aliyeshika kiondo. Weka 1/30, egemea ukuta, mwombe ruhusa, na bonyeza anaponyamaza kusikiliza mwenzake: uso utatoka safi, vidole vitakuwa moshi mwepesi juu ya katani. Hiyo ni picha ya mwanamke anayesuka.

Ipi ni ya kweli zaidi? Ya kwanza ina habari nyingi zaidi. Ya pili ina kitendo. Boda inayokwenda kilomita 40 kwa saa husogea karibu sentimita 18 katika 1/60 ya sekunde. Zile sentimita 18 za ukungu ni mwendo wenyewe, zimepimwa. Kuzifuta ni kusema pikipiki ilikuwa imeegeshwa. Kwenye ngoma ya kilumi, akina mama wazima wakicheza hadi vumbi linapanda, picha iliyoganda kabisa inaweza kuwa uongo wenye ukali mzuri.

Ona sasa kilichotokea. Ukungu wa mikono ya mama umewezekana kwa sababu mikono yangu mimi ilitulia. Kama nami ningetikisika, uso wake ungefutika pamoja na vidole na tusingejua nani alikuwa akisuka. Kutulia kwangu ndiko kulikompa yeye nafasi ya kusogea. Nadhani hili ndilo jibu, na lina maana nje ya kamera pia. Mwalimu asiyetulia anataka darasa liwe mawe. Mzazi mwenye kiherehere anamkaza mtoto. Afisa asiyejua anachotafuta anakupigia kelele usimame wima. Aliyeshika chombo ndiye anayepaswa kujitawala, ili aliye mbele ya chombo awe huru.

Mshukiwa wa tatu ni mjanja kuliko wenzake, kwa sababu picha yake si lazima ionekane mbovu. Ni fokasi. Ukifungua lenzi ya milimita 50 hadi f/2 na mtu yuko mita moja na nusu mbele yako, ukanda ulio safi una kina cha sentimita kama kumi tu. Ukilenga sikio, jicho linaanza kulainika. Ukilenga ukuta, mtu mzima ametoweka. Dawa ya fundi: lenga jicho lililo karibu, au funga tundu hadi f/8 ukanda upanuke, au pima umbali kwa hatua kabla ya kuinua kamera. Na baada ya kulenga, usiyumbe mbele wala nyuma.

Dawa ya kimaadili ni ngumu zaidi: jua ulikuja kumwona nani. Kwa miaka mingi, mtu asiyewahi kufika Kitui ameijua Kitui kwa picha ya aina moja. Ardhi imepasuka, punda amechoka, mtungi wa plastiki wa njano uko mbele kabisa, na nyuma yake mwanamke. Mtungi uko safi hadi unasoma maandishi yake. Mwanamke amefifia. Kiufundi picha haina kasoro. Ukame upo, maji ni shida, hakuna aliyedanganya. Lakini fokasi imewekwa kwenye shida na mtu akawa pambo la shida. Kesho atatafutiwa picha ya kuweka kwenye kijitabu cha ibada yake, na picha zake bora zitakuwa kwenye ripoti ya mradi fulani, kama mandhari ya nyuma ya mtungi.

Mwanafikra Mfaransa Simone Weil, aliyefariki mwaka 1943, aliamini kwamba kumpa mtu umakini wako wote ni aina ya ukarimu, na tena aina iliyo adimu. Anayepiga filamu analielewa hilo kwa vidole. Unazungusha pete ya lenzi, uso unakuja, unapita, unarudi, hadi unasimama. Kwa sekunde tatu hizo hufikirii kingine. Unamtafuta mtu hadi unampata.

Sasa kuna pingamizi, na nisipolijibu mtasema nimejipigia debe. Je, mkono uliotulia hauwezi kuwa mkono usio na huruma? Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, alikuwa Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, akirekodi watu wanaokufa kwa njaa. Picha zake zilipoonyeshwa na BBC dunia ilishtuka, michango ikamiminika, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Kwa kupata picha zile, mkono wake ulipaswa kutulia mbele ya watoto waliokuwa wakifa. Mtu mwenye moyo angewezaje? Mwaka 1991 aliupoteza mkono wake wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Sidhani kwamba mtu wa aina hiyo hakuhisi kitu. Nadhani alijua kwamba kutetemeka kwake kusingemlisha mtu yeyote, na kwamba picha iliyotikisika ya mtoto yule ingekuwa picha ya hisia za Mohamed Amin badala ya mtoto. Daktari wa upasuaji naye anatulia. Hatumwiti katili.

Lakini pia kuna Robert Capa, aliyeteremka na wanajeshi wa Marekani kwenye ufuo wa Omaha, Juni 6, 1944, chini ya risasi. Picha zake chache zilizosalia zina ukungu mzito na bado ni miongoni mwa picha zinazokumbukwa zaidi za vita vile. Hazikumtia aibu, kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1947 alikiita Slightly Out of Focus, yaani nje kidogo ya fokasi. Ukungu wake haukutokana na uzembe. Ulitokana na mahali alipokuwa amesimama. Hapo kanuni yangu inapinda kidogo na ninairuhusu ipinde: mkono wako una haki ya kutikisika ikiwa uko kwenye hatari ileile aliyo nayo uliyempiga picha. Ukitikisika ukiwa salama, ni haraka tu.

Pingamizi la pili linatoka karibu zaidi. Juni 2024, vijana walipojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha na kufika hadi Bunge tarehe 25, picha zilimwagika mitandaoni. Muda si mrefu visa vya watu kutekwa vikaanza kuripotiwa, na vijana wakaanza kuambiana: funika nyuso kabla ya kuposti. Tuliomaliza miaka tukitafuta picha kali ghafla tukawa tunatafuta ukungu. Uso ulioonekana vizuri ungeweza kumpeleka mwenyewe ndani ya gari lisilo na namba.

Je, hilo linavunja hoja yangu kwamba tunawadai watu picha safi? Kwangu linaikamilisha. Tofauti na mzee wa mstari wa tatu, ambaye alifutwa na mtu asiyemjali, kijana wa maandamano alifunikwa na mtu aliyemjali. Kwa macho ukungu ni uleule. Swali si picha ina ukungu kiasi gani. Swali ni umetoka wapi. Umetoka kwenye uzembe wangu, kwenye uhuru wako, au kwenye ulinzi tuliokubaliana? Wa kwanza uondolewe. Wa pili uheshimiwe. Wa tatu uombwe, na ukiombwa utolewe bila mjadala.

Wengine watauliza, kwani simu ina ubaya gani? Inapiga picha ishirini kwa kufumba na kufumbua, inatuliza mtikisiko yenyewe, haihitaji viwiko wala mwembe. Sina vita na simu. Mzee wa kijitabu cha ibada angeokolewa na simu yoyote ya bei nafuu. Lakini simu inatuondolea ukungu bila kutuuliza umetoka wapi. Tangu 2023 kuna simu zinazoweza kuchukua picha kadhaa za kundi moja, zikachagua uso wa kila mtu mahali alipotoka vizuri, zikaunganisha. Wote wametabasamu, wote macho wazi, katika dakika ambayo haikuwahi kutokea. Hapo aliyetulia si mpiga picha wala aliyepigwa; ni programu. Na kama hakuna aliyetulia, sijui nani alimtazama nani.

Filamu ina jambo jingine ambalo simu haina: inachelewa. Unapiga Kwa Vonza Jumamosi, rola haijaisha, unaimaliza wiki tatu baadaye, unaipeleka Nairobi kuoshwa, unasubiri. Katika huo muda wote susu hajui ametokaje. Alikuuliza, "Na utaniletea?" ukajibu "nitaleta." Ahadi hiyo ndiyo sehemu ya upigaji picha isiyo kwenye kitabu chochote cha maelekezo ya kamera. Picha nyingi za filamu za siku hizi huoshwa, huskaniwa, hupandishwa mtandaoni, hupongezwa kwa mioyo mia nne, na mwenye uso haziono kamwe. Kwake picha hiyo ina ukungu kuliko zote. Haionekani hata kidogo.

Kwa hivyo ukitoka na kamera wikendi hii, kasi isishuke chini ya 1/60, viwiko vibane, lenga jicho. Amkia kabla ya kuinua lenzi. Anayetaka kujiweka mpe muda wa kubadilisha leso. Anayetaka kuendelea na kazi yake mwache aendelee, utulie wewe. Kisha chapisha nakala moja, kubwa kiasi cha kiganja, uandike tarehe nyuma kwa kalamu, urudi nayo sokoni. Nauli ya kurudi iwe kwenye bajeti ya rola tangu siku ya kwanza.